Mkuu, ramani iliyobanwa kwenye A4 haipimwi kwa rula ya skeli

Rudisha hiyo hela mfukoni kwanza! Umeandika unataka kununua rula ya skeli, upime madirisha kwenye ramani ya nyumba uliyoprintiwa A4, halafu umtumie fundi vipimo akate vyuma vya grili kabla hujafika Dodoma. Basi grili zako nimeshaziona. Ziko nyuma ya nyumba yangu Nkuhungu, mizabibu imezipanda vizuri tu.

Ramani yangu ilichorwa skeli ya 1:100 kwenye A3, yaani sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya nyumba, na rula ya skeli inakusomea hizo mita moja kwa moja. Kijana wa stesheneri hakuwa na karatasi ya A3, akaibana iingie A4, akaniambia, "Ni ile ile kaka, imepungua kidogo tu." Kidogo! Kutoka A3 kwenda A4 kila mstari unabaki kama asilimia 71. Dirisha la mita 1.5, lililotakiwa kuwa milimita 15 kwenye karatasi, likawa milimita 10 na nusu hivi. Rula haijui karatasi imebanwa. Nikasoma mita 1.06 kwa kujiamini kabisa, nikampigia fundi, na pembeni ya dirisha hilo hilo pameandikwa 1500, yaani milimita! Naye fundi, pamoja na majigambo yake yote ya nyumba alizofunga Area D, hakujiuliza kwa nini sebule ina dirisha la stoo. Alichouliza ni advansi.

Siku ya kufunga, grili ikikaa kwenye tundu, mtu anapita pembeni yake. Mwizi angeingia na godoro akatoka nalo. Kuunga vipande kila upande kungekuwa viraka vitupu, nikalipia upya madirisha yote. Mke wangu mpaka leo akitaka kushinda mabishano anataja A4.

Soma namba iliyoandikwa, usipime mchoro. Hata ukiwa na A3 halisi, usipime. Na kipimo cha kukatia chuma kinatoka kwenye tundu lenyewe kwa futi kamba: juu, katikati, chini, kisha unachukua kilicho kidogo, maana ukuta wa saiti haujawahi kunyooka kama wa kwenye karatasi. Vioo vya aluminiamu ndiyo kabisa, subiri plasta iishe. Fundi anayeona uvivu kwenda saiti, mpe kazi mwingine.

Kalipa ya venia na maikromita ulizouliza, vifaa vya kupimia vitu vidogo sana, ni za watu wa injini na lethi, mashine ya kuchongea vyuma; kwenye madirisha utapimia kucha. Ile pima maji, ya kuangalia kama kitu kimelala sawa, nunua.

Fundi umeshampa advansi? Kama tayari, mpigie sasa hivi asikate kitu.