Mapanga ya Mtambo Mdogo wa Upepo: Anza na Jenereta

Mtambo wangu wa kwanza ulikuwa na mapanga sita mapana niliyoyakata kutoka kwenye bomba la plastiki, nami niliyapenda kwa sababu yalianza kuzunguka hata upepo ulipokuwa mwanana. Kwa wiki kadhaa nilifurahia kuyatazama, lakini kila nilipoipima betri niliikuta haijaongezeka chaji yoyote ya maana. Nyaya zilikuwa nzima na jenereta haikuwa na hitilafu. Mapanga yale yalizunguka polepole kwa nguvu nyingi, kama yale ya mitambo ya kuvuta maji kisimani, ilhali jenereta yangu ilihitaji mwendo wa kasi ili volti zake zipande juu ya zile za betri.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usikate panga lolote kabla hujajua jenereta yako inaanza kuchaji ikifikisha mizunguko mingapi kwa dakika. Mimi niliizungusha yangu kwa drili ambayo kasi yake ninaifahamu, huku nikisoma volti kwenye mita, nikaona kwamba inafikia volti za betri kwenye mizunguko 250 hivi. Namba hiyo ndiyo inayoamua umbo la mapanga.

Uhusiano wenyewe si mgumu. Mafundi hulinganisha kasi ya ncha ya panga na kasi ya upepo: mapanga mengi na mapana huwa na uwiano wa karibu 1 au 2, na mapanga matatu membamba yaliyochongwa vizuri hufikia kati ya 5 na 7. Chukua mtambo wenye kipenyo cha mita 2. Kwa mizunguko 250, ncha zake husafiri kama mita 26 kwa sekunde. Mapanga yenye uwiano wa 6 yatafika hapo upepo ukivuma mita 4.4 kwa sekunde, jambo la kawaida mahali palipo wazi, lakini yenye uwiano wa 2 yatahitaji mita 13 kwa sekunde, ambao ni upepo wa kutikisa miti mikubwa. Hiyo ndiyo sababu betri yangu haikujaa.

Wengi huongeza idadi ya mapanga wakidhani watavuna upepo zaidi. Kinachovuna ni eneo la duara ambalo mapanga hulifagia, na eneo hilo huongezeka mara nne kipenyo kikiongezwa mara mbili, wakati nguvu iliyomo katika upepo huongezeka mara nane kasi yake ikiongezeka mara mbili. Albert Betz, mwanafizikia wa Ujerumani, alionyesha mwaka 1919 kwamba hakuna mtambo unaoweza kuchukua zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu hiyo, na kwa mitambo tunayoitengeneza kwa mikono, asilimia 30 ni matokeo ya kuridhisha. Mtambo wa mita 2 kwenye upepo wa mita 5 kwa sekunde utakupa basi wati 70 hivi, na ni vyema kulijua hilo mapema. Kuhusu idadi, mimi husimamia matatu. Mawili yanatosha kwa kasi, ila mtambo hutetemeka kila unapogeuka kuufuata upepo.

Suala la malighafi ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu linahusu usalama. Bomba la plastiki lina mkunjo wake tayari na hukatwa kwa saa moja tu, lakini jua huligeuza kuwa kitu cha kukatika. Panga langu moja lilikatika shinani, yaani pale linapofungwa kwenye ekseli, usiku wa upepo mkali, na asubuhi nililikuta mbali sana na mlingoti. Fikiria panga la kilo 1 ambalo kitovu cha uzito wake kiko sentimita 40 kutoka kwenye ekseli: mtambo wa mita 2 ukizunguka kwa uwiano wa 6 kwenye upepo wa mita 10 kwa sekunde, panga hilo huvutwa nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa karibu kilo 147. Plastiki naiachia mitambo midogo ya majaribio isiyozidi mita moja. Alumini huvutia kwa wepesi wake, lakini kupindwapindwa mara maelfu huifanya ipate nyufa zisizoonekana, kwa hiyo siitumii kabisa.

Mbao ndiyo ninayoiamini. Ni nyepesi na huvumilia kupindwa kwa miaka mingi, mradi nyuzi zake ziende sambamba na urefu wa panga na pasiwe na kifundo hata kimoja karibu na shina. Chonga kwa randa na tupa, ukiacha upande unaoelekea upepo uwe bapa na upande wa nyuma uwe na mbinuko, na ulipe panga msokoto unaopungua polepole kutoka shinani hadi nchani. Kwa uwiano wa 6, mimi hutumia pembe, ikipimwa kutoka kwenye usawa wa mzunguko, ya nyuzi 20 kwenye robo ya urefu kutoka shinani, nyuzi 8 katikati, na 2 au 3 tu nchani. Ukingo wa mbele uwe wa mviringo na ule wa nyuma uwe mwembamba. Kisha paka vanishi tabaka kadhaa, kwa kuwa panga moja likinyonya maji ya mvua zaidi kuliko mengine, mlingano wote huharibika.

Mlingano huo usiukadirie kwa macho. Pima kila panga kwenye mizani, kisha uliegemeze juu ya kipande cha bomba ili kuona kama yote matatu yanatulia mahali pamoja, na urande lile lililo zito. Ukishayafunga kwenye mtambo, usisimame ubavuni, usawa wa mapanga yanapozunguka, hata siku upepo unapoonekana mpole.