Kompyuta inayogoma asubuhi
Ndugu, unasema kompyuta yako inagoma; ikiwa inakataa kuwaka asubuhi, inawaka ukibonyeza mara ya tatu au ya nne, kisha inafanya kazi siku nzima bila shida, mimi siwezi kushuku Windows. Nashuku boksi la umeme, lile lenye feni nyuma. Kapasita zake, vile vijidude vya kutunza umeme ndani, zikichoka, zinasumbua zikiwa baridi. Azima la jirani ujaribu, ila usilifungue: linabaki na umeme hata ukichomoa. Saa ya kompyuta ikipotea kila umeme unapokatika hapa Goma, hiyo ni betri ndogo ya duara ya ndani, CR2032, tu. Na hili vumbi letu jeusi la volkano, ee! Nalo linaweza kusumbua: chomoa waya, toa RAM, vile vibao vya kumbukumbu, sugua meno yake kwa kifutio, rudisha moja moja uone ipi inaleta matata.