Maswali yenu: kale kadoa ka kwenye seli na uzee wetu

Wiki iliyopita niligusia nyukleoli, kale kadoa keusi unakokaona ndani ya kiini cha seli kwenye darubini, nikasema kanahusiana na kuzeeka. Inboksi ikajaa.

Hiyo nyukleoli inafanyaga nini? (Igoma)
Inatengeneza ribosomu, na ribosomu ndo zinaunda protini. Chukulia protini ni dagaa, ribosomu ni mitumbwi, basi nyukleoli ni fundi anayechonga mitumbwi, yeye havui. Halafu haina ukuta wowote, imejikusanya tu kama tone la mafuta juu ya mchuzi wa sangara.

Si ikiwa kubwa ndo seli ina nguvu? (Buzuruga)
Hata mimi nilidhani hivyo bana. Kumbe 2017 watafiti wa taasisi ya Max Planck kule Cologne, Ujerumani, waliangalia minyoo, inzi wa matunda na panya wa aina zinazoishi sana wakakuta nyukleoli zao ni ndogo, na mwaka huo huo wenzao wa taasisi ya Salk, Marekani, wakakuta seli za wenye projeria, ule ugonjwa wa mtoto kuzeeka haraka, zina nyukleoli zilizovimba. Nyukleoli ikiwa kubwa ujue inachonga ribosomu nyingi, na kuchonga huko kunakula nishati nyingi mno.

Sasa ikivimba inaua vipi? (mwalimu, Nyegezi)
Mwalimu, hapa ndo patamu. Hamira, hii hii ya maandazi, ni kiumbe cha seli moja tu, na 2024 timu ya mtafiti Jessica Tyler wa chuo cha tiba cha Weill Cornell, New York, iliona nyukleoli yake inanenepa taratibu weee, ikishavuka kipimo fulani inafumuka ghafla, protini zisizotakiwa zinapenya ndani, na DNA ya ribosomu, yaani maelekezo ya kuzichonga, ambayo ina marudio kibao inaanza kuvurugika, hapo seli inagawanyika kama mara tano tu tena inakufa. Wakaibana hiyo DNA pembeni ya kiini, nyukleoli ikabaki ndogo na hamira ikachelewa kuzeeka. Ila hamira ni hamira, wewe una matrilioni ya seli.

Niache ugali wa usiku? (mama, Kirumba)
Mama yangu, wale wa Cologne walipima na misuli ya wazee waliopunguza chakula kiasi na kufanya mazoezi, nyukleoli zikapungua kweli. Kwamba wataishi zaidi, hilo halikupimwa. Punguza, usijishindishe njaa, na kama unatumia dawa za sukari anza na daktari.

Kuna jamaa stendi anauza dawa ya kuisinyaza, elfu ishirini. (Sengerema)
Hamna dawa hiyo. Kanunue sato.