Kuacha dawa ya sonona uhamie 5-HTP? Mkuu soma hii kwanza

Mkuu umeuliza kama unaweza kuacha fluoksetini uliyoandikiwa ukaanza 5-HTP na tairosini, vile virutubisho vya amino asidi (vijenzi vya protini), kwa vile ni vitu asilia. Mi naishi na sonona miaka mingi, natumia setralini, dawa ya sonona pia, na nna tatizo jingine la kujing'oa nywele, kwa hiyo haya mambo ya amino asidi nimeyafuatilia sana.

Ni kweli serotonini, kemikali ya ubongo inayogusa hisia, inatokana na triptofani, amino asidi nyingine, inageuzwa kwanza kuwa 5-HTP ndo inakuwa serotonini, na tairosini inazaa dopamini, kemikali nyingine ya ubongo. Wauzaji wa virutubisho hivi hapo hawadanganyi, ila wanaishia hapo. Triptofani ili iingie kwenye ubongo inagombania mlango mmoja na amino asidi zingine, ikiwemo hiyo hiyo tairosini unayotaka kuimeza pamoja nayo, sasa ukimeza nyingi haina maana zitafika nyingi. 5-HTP inapita kirahisi zaidi lakini sehemu kubwa inageuka serotonini hukohuko tumboni na kwenye damu, na serotonini ya nje haivuki kuingia ubongoni, inabaki kukusumbua kichefuchefu na kuharisha tu.

Halafu ushahidi ni mwembamba mno. Mwaka 2002 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kupitia tafiti za afya, walikusanya majaribio 108 ya triptofani na 5-HTP kwa watu wenye sonona, yaliyofanywa vizuri wakayapata 2 tu, jumla watu 64. Yalionyesha nafuu, sawa, lakini watu 64 jamani, na wewe unataka kuachia dawa inayokushikilia kwa hilo?

Kinachonitisha zaidi ni kuchanganya. Fluoksetini inakaa mwilini wiki kadhaa baada ya kuacha, kwa hiyo ukiacha leo ukaanza 5-HTP kesho bado umechanganya, serotonini inaweza kupanda kupita kiasi, unatetemeka, jasho linatoka, moyo unaenda mbio, homa, misuli inakaza, na watu wanakufa kwa hali hiyo. Ukiona dalili hizo ni hospitali muda huohuo, usisubiri asubuhi.

Sisemi amino asidi zote ni takataka. Mi natumia NAC, kirutubisho kinachotokana na amino asidi ya sisteini, inagusa mambo ya glutameti, kemikali nyingine ya ubongo, daktari wangu anajua na aliikubali iende pamoja na setralini. Kuna jaribio la Marekani la 2009, watu wazima 50 wanaojing'oa nywele, wiki 12, waliopata NAC 56% walipata nafuu kubwa, waliopewa vidonge visivyo na dawa 16%. Kwangu mikono imetulia, sio kabisa ila naona tofauti, kwenye sonona yenyewe sijaona kitu, setralini ndo inayonibeba.

Tairosini nayo, kama ushawahi kupata vipindi vya kuchangamka kupita kiasi au uko kwenye dawa za kundi la MAOI (aina nyingine ya dawa za sonona), usiiguse kabla daktari hajajua. Na kama fluoksetini inakusumbua mwambie hivyohivyo, dozi inashushwa taratibu au unabadilishiwa, dawa zipo nyingi.