Begi la siku tatu za Mwanihana: kiingie nini, kibaki nini Mang'ula

Njia ya kilele cha Mwanihana, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, ni kama kilomita 38 kwenda na kurudi, na kwa kawaida hutembewa siku tatu na kulala mara mbili. Huku hakuna barafu wala hewa nyepesi ya Kilimanjaro. Kilele chenyewe ni mita 2,150 hivi. Kwa sababu hiyo wengi hufungasha ovyo, wakidhani ni matembezi tu. Wanasahau kwamba safari inaanzia Mang'ula, kwenye lango la hifadhi, mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari, kwenye joto la bonde la Kilombero, na inaishia juu kwenye msitu wa ukungu ambako nguo ikilowa haikauki. Joto hupungua kama nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Alfajiri ya Julai ikiwa nyuzi 18 kule chini, kileleni hesabu 7 au 8.

Begi la safari hii basi lina kazi moja kuu: kukufikishia seti moja ya nguo kavu na mahali pakavu pa kulala, usiku wa kwanza na wa pili. Kulowa utalowa. Isipokuwa mvua ni jasho, isipokuwa jasho ni umande wa majani yanayokupangusa kuanzia mabegani hadi magotini. Nguo za kutembelea ziache zilowe. Nguo za kulalia hazivaliwi njiani, hata ukitetemeka vipi. Asubuhi unavua zile kavu, unazirudisha kwenye mfuko wake, unavaa mbichi za jana. Dakika kumi za kwanza ni taabu, halafu mlima unakupasha moto. Anayeona uvivu hapo na kuanza kutembea na nguo za kulalia ndiye anayekesha akitetemeka usiku wa pili.

Kava la mvua linalovishwa begi kwa nje halitoshi. Maji huteremka mgongoni kwako na kuingia upande ambao kava haliufuniki, na matawi hulivuta mpaka linakaa upande. Kinga ya kweli iko ndani. Chukua mfuko mzito wa nailoni unaokaa ndani ya kiroba cha sukari cha kilo 50, uoshe, uukaushe, uutandaze ndani ya begi kabla ya kupanga chochote. Ukishapanga, toa hewa, sokota mdomo wake, ukunje na kuufunga kwa kamba. Begi la kulalia na nguo kavu viwe na mfuko wao mwingine humo humo, maana hema bichi na chupa inayovuja navyo huleta maji kutoka ndani. Ile mifuko laini ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, na kwa kazi hii haikufaa hata ilipokuwepo. Inachanika mara ya kwanza unapochomoa soksi.

Kwa mavazi, achana na jinzi na fulana za pamba. Pamba hunywa maji, huwa nzito, hubaki na ubaridi mwilini na kuchubua mapaja. Jezi ya soka ya poliesta inafaa kabisa kutembelea, na ni rahisi kuipata. Beba mbili, moja ya mikono mirefu. Suruali iwe ndefu na nyepesi, ya kitambaa kinachokauka upesi. Za mazoezi zinafaa mradi zisibane magoti unapopiga hatua ya juu. Kaptura haifai humu. Upupu ukikugusa miguu mitupu utajuta siku nzima, na kupe hupenda ngozi iliyo wazi. Seti ya kulalia ni suruali moja, fulana moja ya mikono mirefu, sweta la sufu au jaketi la flisi, kofia ya kufunika masikio na soksi nzito. Koti la mvua liwe jepesi na lenye kofia. Makoti ya mpira mzito ya bodaboda huzuia mvua vizuri lakini hukulowesha kwa jasho lako mwenyewe, na ponjo pana, lile vazi la mvua la kujitupia kichwani, hunaswa na kila mwiba penye njia nyembamba. Ukiwa unapanda na mvua ni ya rasharasha, mara nyingi afadhali ulowe na jezi, koti ulivae mkisimama kupumzika, kwani mwili hupoa haraka ukisimama.

Viatu ndivyo vinavyoharibu safari nyingi. Vingi vyenye meno mazuri hutoka kwenye mitumba, iwe Karume pale Ilala au Memorial ya Moshi, na unaweza kupata kiatu bora kwa bei ndogo. Shida ni lile povu la katikati, kati ya soli ya chini na ngozi ya juu. Aina moja ya povu hilo huzeeka kwa unyevu hata kiatu kikikaa kabatini bila kuvaliwa. Kwa nje kiatu kinaonekana kipya, kumbe ndani kimekufa, na saa ya tatu ya mlima soli yote inabaki kwenye tope. Kabla hujatoa pesa, kunja kiatu kwa nguvu uangalie nyufa pembeni, kisha bonyeza povu kwa ukucha wa dole gumba. Likimeguka kama andazi la juzi, kirudishe mezani. Usidanganyike kwamba fundi atakishona: uzi hauna cha kushika kwenye povu lililooza. Lakini kama povu ni zima na gundi tu ndiyo imeachia, fundi akishona kuzunguka soli yote kinafaa. Kivae wiki mbili kabla ya safari, ukiwa na mzigo mgongoni, na siku moja kiloweshe kabisa utembee nacho.

Saizi ipime jioni, ukiwa umevaa soksi utakazopandia. Sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse ncha, na kidole cha shahada kiingie nyuma ya kisigino. Bila nafasi hiyo, siku ya tatu ya kuteremka vidole vitagonga mbele maelfu ya mara na kucha zitakuwa nyeusi. Kucha zikatwe siku mbili tatu kabla, si usiku wa kuamkia safari, kwa sababu kingo mpya hukata kidole cha jirani. Soksi za kutembelea jozi mbili. Ukihisi mahali panaanza kuchoma, simama hapo hapo, kausha ngozi, bandika plasta pana ya kitambaa. Lengelenge likishatokea umechelewa. Jioni kambini vaa kandambili, miguu ipate hewa.

Mzigo wote, maji yakiwemo, usizidi moja ya tano ya uzito wako. Mtu wa kilo 65 basi ana kilo 13, na maji lita tatu yameshakula kilo tatu. Begi la lita 50 linatosha. Kubwa zaidi ya hapo utalijaza tu. Chini kabisa weka begi la kulalia. Chakula, jiko na vizito vingine vikae katikati, karibu na uti wa mgongo, kwani vikikaa nje vinakuvuta nyuma kila unapoinua mguu. Juu kabisa koti la mvua na vya kula njiani. Ukivaa, funga kwanza mkanda wa kiunoni juu ya mifupa ya nyonga, ndipo uvute kamba za mabegani. Ukianza na mabega, yatabeba yote na ifikapo mchana shingo imekaza.

Maji yaanze lita tatu, kwa sababu mpando wa siku ya kwanza ni wa joto, kisha muulize mwongozaji sehemu ya kujaza iko wapi kabla hamjaondoka, si mkiwa na kiu. Njia rahisi ni kuchemsha usiku na kujaza chupa. Kwa vidonge vya kutibu maji soma pakiti vizuri: vingi vya madukani vimepimwa kwa ndoo ya lita 20, na kidonge kizima ndani ya chupa ya lita moja ni dozi mara ishirini. Tafuta vile vya lita moja, na usubiri dakika 30. Paketi mbili za ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, zinatosha. Moja huchanganywa na lita nzima ya maji, si nusu chupa.

Chakula hakina maneno mengi: mchele au tambi, dagaa waliokaangwa wakakauka, chapati za siku ya kwanza, karanga na tende za kutafuna. Jiko dogo la gesi, sufuria moja, kijiko. Makopo yaache, ni mazito na taka zake lazima urudi nazo.

Kwenye hema angalia kifuniko cha nje kinafika karibu na ardhi, na hakigusani na cha ndani. Vikigusana, maji hupenya. Chini ya mwili weka godoro la povu. Mkeka haufai, ardhi hunyonya joto lako usiku kucha hata ukiwa na begi zuri la kulalia.

Mkikuta siafu, vuka kwa hatua ndefu bila kusimama, suruali ikiwa imechomekwa ndani ya soksi. Ukiguswa na upupu usijikune wala kujifuta kwa taulo, utasambaza vinyweleo. Bandika na kubandua utepe mpana wa gundi mara kadhaa, osha kwa maji mengi, meza kidonge cha mzio, badili nguo iliyoguswa. Utepe huo huo unafunga soli iliyobanduka na hema lililochanika, kwa hiyo zungushia mita tatu kwenye chupa yako. Ongeza kamba nyembamba ya nailoni mita tano na kamba za viatu za akiba.

Kurunzi ya kichwani kila mtu awe na yake, betri mpya, na akiba. Chini ya miti giza huingia mapema, na saa kumi na mbili jioni tayari huoni njia. Fimbo beba kutoka nyumbani, usikate mti wa hifadhi.

Usiku wa kabla, mwaga kila kitu sakafuni na upime begi. Taulo kubwa, suruali ya tatu, manukato na spika ya muziki vifungie chumbani Mang'ula, pamoja na nguo safi na sabuni za siku ya kurudi.