Barua kwa mwanangu: kwa nini manukuu yako hayachekeshi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia pamoja na zile faili. Swali lako ni hili: umetafsiri manukuu, yale maandishi ya chini ya skrini, ya anime (katuni za Kijapani) za vichekesho kutoka Kijapani kwenda Kiswahili, za samurai, za ninja na za wale mabinti wa miujiza wasioitaka kazi yao. Kila neno umelipima. Wenzako wakakaa kutazama, na hakuna aliyecheka. Umekosea wapi?

Maneno hukukosea. Nimeyapitia mstari kwa mstari na maana ni sahihi. Lakini kichekesho cha anime hizi hakikai kwenye maana peke yake. Kinakaa kwenye pengo lililopo kati ya namna mtu anavyosema na hali aliyo nayo, halafu kinakaa kwenye saa ambayo neno linatokea kwenye skrini. Wewe umewafanya wote waseme Kiswahili kimoja, kile cha taarifa ya habari, na jibu umelionyesha kabla mwenyewe hajafumbua mdomo.

Nianze na saa, maana ndiko unakopoteza vicheko vingi zaidi. Wajapani wana sanaa ya jukwaani iitwayo manzai: watu wawili wanasimama, mmoja ni boke, anayeropoka upuuzi kama aliyezubaa, na mwingine ni tsukkomi, anayemrudi palepale. Neno tsukkomi lenyewe lina maana ya kuchomeka kitu ndani kwa nguvu. Gintama, ile anime ya samurai Gintoki, yote imejengwa juu ya jambo hili. Gintoki na Kagura wanaropoka, na Shinpachi, yule kijana wa miwani, anapiga kelele kuwarudi. Sasa tazama ulichofanya: umeweka maneno ya Gintoki mstari wa juu na jibu la Shinpachi mstari wa chini, kila mmoja na kistari chake, vyote kwa pamoja kwa sekunde nne. Mtazamaji husoma haraka kuliko mtu anavyosema. Shinpachi anapovuta pumzi apige kelele, mtazamaji ameshaisoma kelele yake na anasubiri mengine.

Tenganisha. Boke awe na nukuu lake, tsukkomi lake. La tsukkomi lianze kwenye fremu, yaani picha moja ya filamu, ileile ambayo sauti inaanza, si fremu tano kabla. Anime huwa na fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo acha fremu 2 tupu kati ya nukuu na nukuu ili jicho lijue kwamba maandishi yamebadilika. Kelele ikiwa fupi mno, nukuu lisikae chini ya fremu 20. Muda wa nyongeza uchukue nyuma, baada ya sauti kwisha. Mbele usiuguse kamwe. Na pale waigizaji wanaponyamaza kabla ya jibu, ukimya ambao Wajapani wanauita "ma", skrini iwe tupu. Wewe umeacha nukuu la mwanzo liendelee kukaa humo ili lisomeke vizuri. Lilishasomeka. Ukimya ule ni sehemu ya kichekesho, usiujaze maandishi.

Kipimo cha kusoma kinachotumika sana ni herufi 17 kwa sekunde, nafasi zikihesabiwa, mistari isizidi miwili na kila mstari usizidi herufi 42. Kiswahili kinakubana hapo kwa sababu maneno yetu ni marefu, ingawa neno moja kama "hatutawaambia" linabeba kanusho, mtenda, wakati na mtendwa. Unapokata mstari, kata kabla ya "kwa", "na" au "ya", ili neno hilo dogo liende chini pamoja na linachokishika.

Halafu mpangilio wa sentensi. Kijapani huweka kitenzi mwisho, na waandishi wa vichekesho wanaficha bomu humo. Umetafsiri, "Mimi ndiye niliyekula pudingi yako." Mkosaji amekwisha kujulikana kwenye neno la kwanza! Kiswahili kinakuruhusu kumpeleka mwisho bila kulazimisha: "Pudingi yako nimekula mimi." Ni herufi 27, sekunde moja na nusu na ushei, na mwizi anatokea pale anapotakiwa kutokea. Pitia faili zote ukitafuta "ndiye" na "ambaye" tu. Nusu yake utaigeuza hivi.

Usidhani jambo hili ni geni kwa watazamaji wako. Waliokulia kwenye vibanda umiza, au wakisikiliza filamu zilizosimuliwa na Lufufu hapa Tanzania au DJ Afro kule Kenya, wanaijua sauti ya pembeni inayomshangaa mhusika na kumsema. Yule msimulizi alikuwa anafanya kazi ya tsukkomi. Tofauti ni kwamba yeye aliweza kuifunika sauti ya filamu na kuongeza yake, na wewe huwezi. Wewe unaandika chini ya sauti ambayo watu wanaisikia, kwa hiyo wakisikia kelele fupi na kusoma sentensi ndefu watajua kuna kitu umekitia mwenyewe.

Sasa lugha za wahusika. Kijapani kina "mimi" nyingi: ore ya mkorofi, boku ya kijana mpole, watashi ya adabu, sessha ya samurai. Sisi tunayo moja, na mara nyingi ni kiambishi "ni" tu. Kwa hiyo utu wa msemaji lazima uupakie kwenye kitenzi, kwenye wito na kwenye salamu. Chukua jambo dogo, mtu anaaga. Samurai wa heshima: "Niwie radhi, sina budi kuondoka." Muhuni: "Nasepa." Mwanafunzi wa kike: "Jamani mie naenda zangu." Ninja asiyejua kujificha: "Naondoka, hujaniona." Kwenye faili zako wote wanne wanasema "Ninaondoka sasa."

Kenshin, yule mpiga upanga wa Rurouni Kenshin, ndiye anayekudai kazi zaidi. Hadithi yake ipo mwaka 1878, miaka miwili tu baada ya serikali ya Meiji kupiga marufuku watu kubeba panga hadharani, na yeye anatembea na wake, upanga ambao makali yake yako upande wa nyuma. Anajiita sessha, neno la mtu anayejishusha, anamalizia sentensi na "de gozaru", Kijapani cha kale, na yule binti anayekaa kwake, Kaoru, yeye humwita Kaoru-dono. Kwetu "Bi Kaoru" inatosha kabisa, ina uzito uleule wa heshima. Mpe Kenshin Kiswahili cha barua za zamani na cha tenzi, halafu kumbuka kwamba mtu huyu mkali wa vita anaonekana amekunja mikono ya nguo anafua kwenye beseni. "Niwie radhi Bi Kaoru, nguo zako hazijakauka." Kicheko kipo hapo, kwenye lugha ya ikulu juu ya kamba ya nguo. Ukimpa "Samahani, nguo bado" hakuna kinachobaki. Ile "oro" yake ya kushtuka iwe "Lo!", na iwe hiyohiyo mwanzo hadi mwisho. Wewe umeandika "Lo", "Ala" na "Mungu wangu" kwenye sehemu moja.

Naruto, yule kijana ninja, ana "dattebayo" mwishoni mwa maneno yake, kitu kisicho na maana kamili. Waliotia sauti ya Kiingereza walimpa mwanzoni maneno ya kusema "amini hivyo", maana mdomo wake ulikuwa unacheza na ilibidi ujazwe. Manukuu hayana mdomo wa kujaza, kwa hiyo wewe uko huru zaidi. Naona umeifuta kabisa, na hilo litakugharimu mbele ya safari: mama yake Kushina anasema "dattebane", na Boruto, mtoto wa Naruto, anasema "dattebasa". Ni kilema cha ulimi cha ukoo mzima, na mama huyo alitamani mwanawe asikirithi. Tafuta shina moja linalobadilika mkia. Mimi ningempa Naruto "ndo hivyo bwana!", Kushina "ndo hivyo jamani!", Boruto "ndo hivyo basi!" Usiiweke kwenye kila sentensi, itachosha, iweke anapoapa, anapobisha na anapojisifu.

Ukitaka zoezi zuri la lugha hizi, chukua Samurai Champloo. Ina sehemu 26 tu, na watu watatu wanaosafiri pamoja: Mugen mwenye mdomo mchafu kutoka visiwa vya Ryukyu, Jin mwenye adabu ya shule ya upanga, na Fuu, msichana anayemtafuta samurai anayenukia alizeti. Jina lenyewe linatokana na neno la Okinawa la mchanganyiko. Funika majina ya wasemaji. Kama huwezi kujua ni nani anasema kwa kusoma manukuu peke yake, rudia.

Kwa mabinti, kwanza neno. Umeandika "msichana mchawi", na hilo libadilike leo. Mchawi kwetu anatoka usiku kwenda kumdhuru jirani, na hakuna rangi ya waridi itakayomsafisha. "Binti wa miujiza" linafaa kwa Sailor Moon. Kwa zile za kejeli, ambamo mwenyewe anaona aibu kuvaa ile nguo, napenda "binti wa mazingaombwe", kwa sababu linamtia aibu zaidi na ndicho kichekesho kinachotakiwa.

Usagi wa Sailor Moon, wa mwaka 1992, ndiye mama wa kusitasita huku: ana miaka 14, analia, anachelewa shule, na kwenye pambano lake la kwanza anaangua kilio kikali hata maadui wanaziba masikio. Jina lake, Tsukino Usagi, linasikika kama "sungura wa mwezini", maana Wajapani huona sungura kwenye mwezi kama wengine wanavyoona mtu. Usilitafsiri. Sungura wetu ni mjanja wa ngano, anayewashinda fisi na simba kwa akili, na mtazamaji atasubiri ujanja ambao binti huyu hana.

Tamko lake, "tsuki ni kawatte oshioki yo", umeliandika "Kwa niaba ya Mwezi, nitakuadhibu." Linasikika kama hukumu ya hakimu. Oshioki ni neno ambalo mzazi humwambia mtoto mtundu. Sisi tuna "kutia adabu", na hakuna lugha iliyokupa zawadi kubwa kuliko hiyo: "Kwa niaba ya Mwezi, nitakutia adabu!" Herufi 36, mstari mmoja. Tamko la namna hii na picha za kubadilika hurudiwa sehemu baada ya sehemu, picha zilezile, kwa hiyo liandike mara moja kwenye orodha ya istilahi na usiliguse tena. Lugha yake iwe ya fahari daima, hata akilisema kwa kunung'unika. Manung'uniko mwachie mwigizaji wa sauti. Ukiyatia na kwenye maandishi, hakuna tena pengo.

Hali ni hiyohiyo kwa Machikado Mazoku, ambamo shetani dhaifu Yuko anashindwa na binti wa miujiza aliyekwisha kustaafu, kisha anakimbia akipayuka maneno yaleyale. "Usidhani umenishinda!" ndiyo tafsiri. Usiipambe.

Mwisho wa masuala yako, chikuwabu. Kwenye Binan Kōkō Chikyū Bōei-bu LOVE! ya 2015, iliyoongozwa na Shinji Takamatsu, yuleyule aliyeianzisha Gintama, wavulana wanaopenda kujistarehesha kwenye maji moto ya bafu la umma wanageuzwa walinzi wa dunia na wombati wa rangi ya waridi, bila ya wao kutaka. Chikuwabu ni mrija wa unga wa ngano unaochemshwa kwenye oden, mchemsho wa Kijapani; chakula cha upande wa Tokyo. Umeweka maelezo ya mistari miwili juu ya skrini. Macho yakipanda juu, sura ya mhusika iliyo chini haionekani, na kicheko kiko usoni mwake. Weka maelezo ndani ya maneno yenyewe: "Chikuwabu ni unga mtupu wenye tundu!" Inatosha, anayetaka zaidi atatafuta baadaye.

Kazi ya saa ifanye kwenye Aegisub, programu ya kutengeneza manukuu, ambako unaona mchoro wa sauti na unaweza kubandika mwanzo wa nukuu kwenye mwanzo wa kelele. Faili iwe ya .ass, maana maandishi ya mabango, kama lile la "Ziwa Toya" lililochorwa kwenye upanga wa mbao wa Gintoki, yanahitaji kukaa mahali pake na si chini pamoja na mazungumzo. Hifadhi kwa UTF-8. Na kabla hujamwonyesha mtu nje ya wenzako, omba kibali kwa wenye haki.

Gintama irudie kuanzia sehemu ya 3. Mbili za kwanza zilitengenezwa kwa waliokwisha kusoma manga, kile kitabu cha katuni. Wahusika wanaingia kama wanaojulikana, na wenzako hawakuwajua. Ya 3 ndiyo inayomkutanisha Shinpachi na Gintoki. Ukiimaliza nitumie faili ya manukuu peke yake, na uweke alama kila palipo na ukimya wa zaidi ya sekunde moja, nione umeuachaje.

Mama yako