Kabureta ya mm 30 kwenye injini ya cc 125

Mkuu, umeuliza kama kabureta (kifaa kinachochanganya hewa na petroli) yenye tundu la upana wa mm 30 itaongeza nguvu kwenye boda yako ya cc 125. Kwa pikipiki inayobeba abiria kutwa nzima, usifunge.

Piga hesabu hii: chukua ujazo wa injini kwa lita, zidisha kwa mizunguko ya juu kwa dakika, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 0.8. Yako ni 0.125 × 8,500, kipeuo chake 32.6, jibu mm 26. Ndiyo saizi utakayoikuta kwenye injini nyingi za Kichina za muundo wa Honda CG125.

Eneo la tundu la 30 ni kubwa kuliko la 26 kwa theluthi moja hivi, lakini pistoni ni ile ile na inavuta hewa ile ile. Hewa inapita polepole, na hewa ya polepole hainyonyi petroli vizuri kwenye jeti (kitundu kidogo kinachopitisha petroli). Mimi niliwahi kuifunga. Kwenye mlima, nina mzigo, nikifungua mafuta ghafla injini inaguna kwanza ndipo iitikie. Nikaweka jeti kubwa zaidi, plagi ikatoka nyeusi tii, masizi yanashika kidoleni, na petroli ikaenda vibaya sana.

Kama imepungua nguvu, anza na filta ya hewa, halafu ukague mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukikunja ukaona mipasuko, badilisha. Kisha fundi apime nafasi ya valvu injini ikiwa imepoa.

Siku ukipanua silinda hadi cc 150, hapo 28 inafaa.